Nyuzi Tatu Tumboni

Nitenge kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia. Niliona choo changu kikiwa cheusi mfano wa lami kwa siku nne, kisha nikaliona tumbo langu kwa ndani, nikiwa macho. Nilisikia kwamba mkaza mwanangu alinilisha nywele ndani ya uji. Neno hilo lililetwa nyumbani kwangu Munje na dada yangu mkubwa, aliyetoka Kikoneni kuja kuniuguza maumivu ya tumbo. Yeye alilipata kwa mganga wa huko ambaye hajawahi kunitia machoni.

Mkaza mwanangu ndiye aliyekuwa akinipikia tangu mke wangu alipofariki. Mwanangu yuko Mombasa kikazi. Dada alikwisha kukata shauri: nisipopata nafuu, yule binti atapelekwa Kikoneni akale kiapo mbele ya watu, na akikataa atarudishwa kwao na mtoto wake. Mwenyewe hakujitetea. Kila asubuhi aliuweka uji mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri. Nami, niliyekagua shule za Kwale na kuwakemea walimu walioandika wasiyoyashuhudia, nilianza kuuacha upoe. Vidonge vya maumivu ya magoti niliendelea kuvimeza, tumbo tupu. Baada ya wiki mbili ndipo choo kilipogeuka rangi.

Daktari, mtu wa bara, alisema itanibidi nimeze kamera: mpira mwembamba wenye taa, unaopitishwa kooni hadi tumboni. Nisile wala nisinywe tangu jioni. Akaniahidi sindano ya usingizi, nikaikataa.

“Mzee, si raha hata kidogo.”

“Sikuja kutafuta raha,” nikamjibu. “Nataka kujionea.”

Alfajiri ya siku yenyewe dada aliniletea kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji ya marashi ili ninywe. Nilipiga bismillahi nikanywa. Hospitalini muuguzi, binti wa huku huku pwani, aliniamkia kwa adabu, akauliza kama nimekula au kunywa chochote. Nikasema sijatia kitu kinywani. Sikukusudia uongo. Kombe kwangu ni dua, na haikunipitikia kwamba dua yaweza kukaa tumboni kama chai.

Nililazwa kwa ubavu wa kushoto, koo likiwa limepuliziwa dawa na kufa ganzi, kipande cha plastiki kati ya meno. Nje jua lilikuwa kali. Mle ndani mapazia yalifungwa, na mwanga pekee ulikuwa wa kioo cha mashine, mbele ya uso wangu. Mpira ukateremka. Kioo kikaonyesha giza, halafu handaki jekundu lenye kung’aa, halafu chumba.

Kilikuwa chumba kilicho hai. Kuta zake zilikuwa na mikunjo, na mikunjo ile ilitambaa polepole, bila kuniuliza, kama ilivyokuwa ikitambaa miaka yote nisipokuwa na habari nayo. Chini palituama maji ya manjano. Juu ya maji hayo, ukutani, palikuwa na nyuzi tatu nyembamba, nyeusi, zikitikisika kila nilipovuta pumzi.

Daktari aliuzuia mkono wake. Nikamsikia muuguzi akijikinga kwa Mungu chini kwa chini.

“Daktari,” akanong’ona, “hizo ni nywele.”

Niliziona kwa macho yangu mawili, na ushahidi wa macho ndio niliowafundisha watu kuuamini. Akilini nilimwona mkaza mwanangu akikoroga sufuria. Nilimhukumu pale pale, mpira ukiwa kooni, nisiweze kutamka neno wala kulirudisha.

Daktari aliyanyonya maji, akaingiza koleo dogo kupitia ule mpira, akazitoa nyuzi moja baada ya nyingine. Muuguzi alizipanga juu ya shashi nyeupe karibu na kichwa changu. Kisha taa ikaendelea mbele hadi karibu na mlango wa kutokea tumboni, na pale palikuwa na kidonda, kimechimbika, kikivuja damu. Daktari akakidunga dawa, akakibana kwa kibanio cha chuma kisichozidi punje ya mchele. Niliiona damu ikikoma.

Nilipogeuza macho, shashi ilikuwa imeingia umanjano kuuzunguka uzi wa kwanza, halafu wa pili. Harufu ya marashi ikanifikia. Hapo ndipo nilipolikumbuka kombe, na nyuzi za zafarani zilizosalia ndani yake.

Mpira ulipotoka nilikiri. Daktari hakupandisha sauti. Alisema maji yale yangeniingia mapafuni ningemfia mikononi, na kwamba kidonda kimeletwa na vidonge vya magoti. Hilo nalikubali, maana vidonge nilivimeza mwenyewe, na uji nikauacha mwenyewe.

Uzi wa tatu haukutoa rangi. Ulikuwa mfupi, mweusi tii. Nilimwonyesha daktari kwa kidole. Alisema unywele mmoja humpata yeyote alaye chakula, akaikunja shashi akaitupa.

Kesho yake nilirudi nyumbani. Dada alikuwa kizingitini.

“Umeona nini?”

“Nimeona zafarani yako, dada.”

“Na nywele?”

“Nimeona kidonda, na aliyekichimba ni mimi. Hakuna mtu atakayekwenda Kikoneni.”

Alinitazama sana, kisha akanipisha nikaingia. Mkaza mwanangu akaleta uji, akauweka mlangoni, akarudi nyuma hatua zake mbili.

“Mwanangu,” nikamwambia, “ulete hapa. Ukae.”

Akakaa. Dada naye akakaa, macho yake kwenye mkono wangu. Uzi wa tatu ulikuwa wa nani na uliingiaje, sijui, na nisilolijua silisemi. Ninachoweza kukiapia ni kwamba uji ulikuwa vuguvugu, kwamba niliumaliza, na kwamba kabla ya kila kijiko nilitazama ndani ya bakuli.