Salamu ndefu na mbegu za Gwarama

Mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa Heru Juu na shule ikaishia hapo, darasa la pili. Nilichunga mbuzi wa watu, nikalima vibarua kwenye mihogo, nikabeba maharage kichwani mpaka soko la Kasulu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipohamia Kibondo nilikuwa na ungo na jicho langu tu. Nikiliangalia harage najua kama litaota. Ndipo nikaanza kuuza mbegu.

Aliyesoma ni binti yangu wa mwisho. Anakaa Kasulu, anaandika programu za kompyuta. Alinitengenezea tovuti: mkulima anaandika anachotaka, mimi nasoma kwenye simu hapa dukani. Nikamwuliza, maneno ya watu yanapitaje humo ndani? Akasema ameweka fanksheni, vijikazi vidogo vya kushughulikia maandishi. Kimoja kinafuta nafasi tupu mwanzoni na mwishoni. Kingine kinageuza herufi kubwa kuwa ndogo, ili aliyeandika MAHARAGE kwa kelele na aliyeandika kwa upole wawe sawa. Cha tatu kinaukata ujumbe mrefu, unabaki mwanzo wake na vinukta, usijaze kioo cha simu.

"Kama kupepeta," nikasema.

"Hivyo hivyo, baba."

Nikaridhika. Kupepeta nakujua.

Mvua zilipokaribia, ujumbe ukaanza kuingia. Kila nikifungua simu nasoma: "mwakeye mzee wetu, habari za hapo nyumbani, mama hajambo, watoto..." halafu vinukta. Unaofuata: "mwakeye mzee, mmeamkaje huko, na ng'ombe wazima..." vinukta. Nilifurahi kuamkiwa kwa Kiha chetu na kukumbukwa, ila nikajiambia mwaka huu watu wananisalimia tu, hawanunui. Mbegu zimekaa ghalani, mimi nimekaa mlangoni.

Kisha akanipigia mama mmoja wa Gwarama. Ni mjane, hupanda mbegu zangu kila msimu, na shamba lake la maharage ndilo linalomlisha yeye na wajukuu.

"Mzee wangu, nimekukosea nini?"

"Kwa nini, mama?"

"Nimekuandikia unipe mbegu, umenyamaza. Huku mvua imeshanyesha, majirani wanafukia. Wiki hii ikipita mimi sina msimu. Nile nini, mawe?"

"Uliniandikia salamu!"

"Salamu ndiyo nilianza nayo. Ulitaka nikuvamie kama polisi?"

Nikampigia binti yangu, na sikumpigia kwa upole. Akafungua ujumbe mzima huko Kasulu, akaanza kunisomea. Mama yule alisalimia nyumba yangu yote, akaulizia mguu wangu unaouma, akanipa pole ya msiba wa shemeji, na mwisho kabisa akaomba debe moja la maharage ya njano. Hata wengine walikuwa hivyo hivyo. Shida zao zote zilikuwa nyuma ya vinukta.

"Baba, nani anaandika salamu ndefu namna hii kwenye tovuti?"

"Waha. Wewe umezaliwa wapi, Ulaya?"

Akacheka. "Basi niweke maneno juu pale: andika shida yako moja kwa moja."

"Usithubutu. Mtu asiyenisalimia simuuzii."

"Kwa hiyo kikataji nikitoe? Utateremsha kioo mpaka kidole kichubuke."

"Wewe ndiye uliyesomeshwa. Fikiri."

Sikungoja afikiri. Nilipima debe la njano, nikalifunga, nikamwita mtu wa bodaboda. Nikamwambia mzigo huu ufike Gwarama leo, usilowe, na ukifika kwanza usalimie. Jioni mama akapiga: umefika, mkavu.

Binti yangu naye akaleta dawa yake. Aliandika fanksheni nyingine inayopita ndani ya ujumbe ikitafuta kilo, debe au gunia. Ikiliona neno, inaonyesha maneno ya hapo jirani tu. Salamu zinabaki salama, ukigusa unazisoma zote. Siku hiyo hiyo nikaona oda zangu. Tulipakia mpaka mgongo ukagoma.

Wiki chache baadaye ukaingia ujumbe wa yule mama wa Gwarama, kwenye kioo mstari mtupu. Hapakuwa na kilo wala debe, kwa hiyo kijikazi hakikuwa na cha kuonyesha. Nikaugusa. Aliniamkia mimi, mke wangu, mguu wangu, akamwamkia na binti yangu wa Kasulu. Mwisho akasema maharage yameota yote, mstari haukuruka hata shina. Nikausoma polepole, ninavyosoma mimi, mpaka mteja mlangoni akaguna.

Leo nina duka Kibondo, la tofali za kuchoma. Ghala la bati. Shamba Heru Juu, lile lile la baba. Ng'ombe watatu. Baiskeli. Ungo wangu wa kwanza, umeshonwa ukingoni. Simu. Tovuti, na kikataji chake kilichofundishwa adabu.