Siku Walipochemsha Matarumbeta

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, upande wa Nachingwea, karibu na njia ya kwenda Ruangwa, nikakuta chumba cha bendi kimejaa magunia ya korosho. Kijana anayelinda ghala alinifungulia mlango akidhani nimekuja kununua. Nikamwambia hapana, zamani tulikuwa tunafanya mazoezi ya muziki humu.

"Humu?" akacheka. "Humu si mtu unakufa kwa joto!"

Niliangalia madirisha. Ni mawili tu, na siku hizi yako wazi ili korosho zisiote ukungu.

Sisi tulikuwa tunayafunga, rafiki yangu. Watoto wa nje walituigiza kwa mabua ya mpapai, na mwalimu wa bendi hakupenda. Basi kila jioni, baada ya shamba, tulijifungia chini ya bati lile na jasho letu, vidole vikinuka ndimu na majivu tuliyosugulia matarumbeta mpaka yang'ae. Bendi ilikuwa ya parokia, lakini iliitwa na kila mtu. Harusi za Waislamu tuliitwa, misiba ya Wakristo tuliitwa. Mimi nilipiga matoazi kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote. Dada yangu alipuliza tarumbeta.

Bibi ndiye aliyetulea. Dada alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea, akabaki nyumbani: asubuhi maji, mchana kupepeta mbaazi, msimu wa korosho kuokota mpaka kiuno kikatae. Alikuwa na sauti ndogo ajabu. Bibi alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu akiongea, mwangalieni mdomo, masikio hayatawasaidia." Baba mkubwa alikuwa ameshampatia mume, mtu mzima wa Mbwemkuru mwenye mikorosho mingi, na mazungumzo yalimfurahisha kila mtu isipokuwa dada. Yeye hakuulizwa.

Siku mwalimu wa bendi alipokuja kuniomba kwa bibi kwa ajili ya matoazi, dada alinisindikiza kwenye mazoezi ya kwanza. Mwalimu akapuliza tarumbeta kidogo, kisha akamkabidhi dada likiwa bado na joto la midomo yake. Ndivyo alivyofundisha watu wote. Alianza yeye, ukapokea wewe.

"Usililazimishe, binti," alimwambia. "Lipe pumzi tu."

Ilitoka sauti kama ya ndama. Watu walicheka. Dada hakucheka wala hakulia, akajaribu tena. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mbele ya msafara, na sisi wengine tukimfuata. Tulipandishwa lori mpaka Ruangwa, na watu wakatoka madukani kumtazama msichana anayepuliza. Siku moja baba mkubwa alipofika na maneno yake ya Mbwemkuru, dada akamjibu kwa sauti ambayo majirani waliisikia: "Baba mkubwa, mimi siendi." Yule mchumba mwenyewe naye alighairi. Alisema hawezi kuoa mwanamke ambaye kelele zake zinafika nyumbani kabla yake. Bibi alicheka siku nzima, akitukaangia korosho na kurudia maneno hayo.

Unaona nilichokiona. Nilikuwa mtoto, na nilimwona dada yangu akiwa mtu mwingine kwa sababu ya kipande cha shaba. Kwa hiyo watu wanaposema muziki humwinua mtu, siwabishii. Huwa nauliza tu kinachofuata.

Mwalimu alikuwa akikohoa. Alisema ni vumbi. "Vumbi gani la masika?" bibi alimuuliza, mvua ikiwa inanyesha, na mwalimu akacheka na kukohoa zaidi. Baadaye sana tulijua kuwa hospitali walikuwa wameshamwambia ni kifua kikuu, na kwamba alianza dawa, akapata nafuu, akaziacha. Pasaka ilikuwa inakaribia. Angetuambia, bendi ingefungwa. Alinyamaza, akaendelea kutukabidhi matarumbeta yakiwa na joto, madirisha yakiwa yamefungwa.

Alikufa kabla ya msimu wa korosho. Bendi yake ikampigia mwenyewe, kutoka nyumbani kwake mpaka makaburini, dada akiwa mbele.

Mazishi ya kwetu hayakosi watani. Jirani yetu, mzee wa Kiyao, alikuwa mtani wa marehemu, na hapakuwa na wa kumzuia. Alipoona wanawake wamezidi kulia, akachuma bua la mpapai, akajitokeza katikati na kofia yake ya kwendea msikitini, akalishika kama tarumbeta.

"Mnalia nini nyie Wamwera? Huyu hakufa! Amekwenda kutafuta pumzi, aliikosa hapa!"

Watu wakaanza kutabasamu. Akapuliza bua, poo, poo, halafu akainama na kukohoa kama marehemu, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukituamuru tusiache kupiga. Alimpatia kabisa. Mjane mwenyewe alicheka huku anafuta machozi.

Kutoka kwenye mstari wetu kikohozi kingine kikamjibu.

Watu wakacheka zaidi. Walidhani mwanafunzi naye anamtania mwalimu wake. "Haya, mrithi huyo!" mtani akapaza sauti, akakohoa tena, na dada akakohoa tena. Alikuwa ameinama, tarumbeta limebanwa kwenye magoti. Mtani ndiye aliyenyamaza wa kwanza. Kisha nikamwona bibi anapita katikati ya watu wanaocheka. Yeye hakuwa anacheka. Alimshika dada mkono, akautazama upindo wa kanga aliokuwa amejifutia mdomo, akaukunja haraka kabla wengine hawajauona.

Dada alikuwa akikohoa kwa wiki nyingi, akijificha nyuma ya choo. Aliogopa atanyang'anywa tarumbeta. Hilo alilisema mwenyewe, njiani kwenda hospitali, kwa sauti yake ile ndogo ya zamani.

Habari zilipoenea, wanakijiji waliamua kwamba ugonjwa umo ndani ya matarumbeta. Waliyakusanya yote, wakayatia kwenye pipa lililokatwa, lile la kupikia wali wa sikukuu, wakawasha moto. Wengine walisema yachemke mpaka jioni, wengine yakazikwe kando ya kaburi la mwalimu. Walipokuwa wanabishana, maji yakakauka. Viungo vya shaba vikaachia, mabomba yakatoka moja moja, yamebabuka na kuwa meusi. Hakuna aliyeweza kuyaunga. Bendi ikaishia hapo.

Nimesoma mpaka chuo kikuu, na nimetafuta jambo hili kwenye kila nilichoweza kusoma. Ugonjwa ule unasafiri kwa hewa. Shaba haikuwa na kosa kubwa. Tulichemsha matarumbeta, na madirisha hakuna aliyeyafikiria. Mimi na dada tulivuta hewa ileile, kwenye benchi moja. Kwa nini yeye? Nimeuliza mapadre, nimeuliza madaktari. Kila mmoja ana jibu, na hakuna lililonitosha.

Dada alimaliza dawa zake zote na akapona. Lakini pafu moja limebaki na kovu. Sasa anaishi Ruangwa, anauza vitafunwa sokoni. Kijijini, misiba inasindikizwa na spika iliyofungwa kwenye pikipiki, na mara nyingi betri inaisha kabla ya makaburi. Watoto wa siku hizi hawana wa kumuigiza kwa bua la mpapai.

Baada ya kutoka kijijini nilikwenda kwa dada, nikamwambia nilichokiamini miaka yote: mwalimu yule alijua, na alimuumiza kwa kunyamaza.

"Alijua," akasema.

"Na bado unakwenda kufagia kaburi lake?"

"Mdogo wangu, wewe na maswali yako. Nani mwingine aliwahi kuniambia nitoe sauti?"

Sikuridhika, na nikamwambia. Akacheka kidogo, akanyanyua kapu lake, tukaondoka sokoni kwenda kwake. Njia ina kilima kidogo tu. Katikati yake akasimama mbele ya duka la kanga, akaanza kuzipitisha mikononi moja moja, akijifanya anachagua, mabega yakipanda na kushuka. Nami nikasimama kando yake, nikajifanya nasoma maandishi ya kanga, mpaka aliposema twende.