Miwani Iliyomtazama Mama Mkwe

Jumamosi, katikati ya Februari. Mvua ilikatika asubuhi, ikaacha matope mekundu mbele ya mlango.

Mi nilisoma kidogo tu, na labda jambo hili nalielewa upande mmoja. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Ni heshima. Zamani mama yangu akija kutoka Dilolo, mume wangu alikuwa anapita nyuma ya nyumba. Macho ya mume wangu yalipozimika, mama alihamia kwetu kunisaidia, na polepole akaanza kukaa karibu naye uani, akimenya mihogo, wakipiga hadithi. Mkwe wake alikuwa hamwoni tena, basi haya ya nini? Nikiwasikia wanacheka, siku zingine nilisahau kuhuzunika.

Kisha mdogo wa mume wangu akamtumia miwani yenye kamera ndogo pembeni, inayomwambia sikioni kilicho mbele yake. Siku ya kwanza kuivaa, kwa furaha akatutafsiria Kifaransa cha miwani hiyo: “Mama, inasema muko na nywele nyeupe, na kitenge ya kijani. Inasema munacheka.”

Mama aliacha kucheka. Akajifunika uso, akaingia jikoni, na tangu hapo hakutoka tena akijua mkwe wake yuko uani.

Mume wangu akaivua, akasema atairudisha. Nikamkatalia, miwani hiyo ilikuwa imemsomea mwenyewe karatasi ya dawa zake. Nikamwambia mama kwamba hiyo ni mashine tu. Akaniuliza: mashine inamwambia nani? Sikuona mwenye kosa kati yao.

Leo baada ya mvua mama alitoka na kiti chake, akakiweka nyuma ya mume wangu.

“Muvae ile kintu, tata, muigeuze kwa barabara,” akasema, akimwita baba kwa heshima. “Mi nitaikala ku mugongo yenu.”

Mume wangu akavaa. Akawa anamtajia wanaopita: kamio, lori kubwa la madini, mwanamke mwenye beseni ya mikate, pikipiki yenye watu watatu. Mama akataka kujua yule wa katikati ni mnene namna gani. Mume wangu akajibu kwamba mambo hayo mashine haisemi.

“Ah. Leo njo imejifunza adabu,” mama akasema, na wakacheka wote wawili.

Sijui kama wazee wetu wangekubali. Mi nilikubali.

Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo na samaki wadogo wakavu, mume wangu uani, mi na mama jikoni, kama inavyotakiwa. Sahani yake aliijaza mama.