Kipoyi Kilichonibeba Nikiwa Mzima

Habari hii siisimulii bila kuinamisha uso, na kama mke wangu Masika anapita karibu mnikonyeze ninyamaze, maana akiidaka yeye ataisema yote, hata nisiyotaka kuikumbuka.

Nilikuwa dereva wa lori, nikipeleka kahawa kutoka Butembo hadi Beni na mara nyingine nikivuka mpaka Eringeti. Siku Wasimba, wale waasi, walipotusimamisha njiani walichukua lori, wakachukua na viatu vyangu, nikarudi nyumbani Kimemi miguu mitupu. Vita ilipotulia kampuni ilikuwa na madereva wengi kuliko malori, ikatuomba sisi tulioanza kuota mvi tuingie pensheni mbele ya wakati. Nilifurahi kama mjinga, mpaka Masika aliponiuliza, taratibu tu, "Na shingo yangu je?" Alikuwa na goita iliyokuwa ikikua, usiku alilala ameketi ili apate pumzi, na operesheni ingelipwa na mutuelle ya sendika, yaani bima ya matibabu ya chama chetu cha wafanyakazi, na mtu akiacha kazi mutuelle nayo inamwacha.

Delege, mjumbe wa sendika kazini, alitutafutia njia. Anayestaafu mapema angebaki ndani ya mutuelle pamoja na mke wake, mradi daktari wa zahanati ya kampuni aseme kwamba ni mzima, kwa sababu sendika iliogopa kupokea watu waliokwisha kuchimbiwa kaburi. Kwangu hilo halikuwa neno, nilikuwa na afya mpaka majirani walisengenya.

Basi asubuhi nikavaa suti, nikavaa viatu vipya (vya kwanza tangu vile vilivyochukuliwa na Wasimba, mnielewe), nikatoka. Mvua ilikuwa imenyesha, kilima chetu chote ni matope. Kwenye njia nikakutana na Kambale, jirani yangu, mkubwa wa kikundi cha kipoyi. Wakati ule kila mtaa ulikuwa na kipoyi chake, kile kitanda cha mianzi cha kubebea wagonjwa, na kila mwanaume alitoa bega lake. Aliyekataa mabega ya jirani leo, kesho mkewe akizidiwa angeyatafuta wapi? Kambale akaniuliza ninaenda wapi nimependeza hivyo, nikamjibu kwa munganga, ndivyo tunavyomwita daktari, nikaishia hapo, maana niliona haya kusema ninastaafu na nguvu zangu zote. Kabla sijafika barabarani wanaume walikuwa wamenizunguka na kipoyi.

"Minaweza kutembea," nikasema.

"Kila mugonjwa anasemaka vile, papa," Kambale akajibu.

Nikatazama matope. Nikatazama viatu. Nikapanda.

Walinikimbiza, jamani, wakiimba, na watu wa njiani wakivua kofia, nami nikiwapungia mkono kidogo ili wasihuzunike, na wao wakizidi kuhuzunika. Tulipoingia kwenye ua wa zahanati, daktari alikuwa amesimama mlangoni na delege. Daktari alikuwa mtu wa Kasai, mambo ya kwetu hakuyajua, akaona mtu analetwa amelala na suti (kwao labda suti ni ya kuzikiwa), akanishika tumbo akaniuliza wapi panauma. Nikasema hapaumi popote. Kambale, kwa wema wake, akanisaidia: "Docteur, huyu hapana kusemaka maumivu. Iko mwanaume."

Delege akatikisa kichwa. "Mutu mwenye kubebwa, sendika haiwezi kumupokea. Pole, papa."

Nikaiona shingo ya Masika. Nikaruka chini, nikamkamata Kambale (mnene yule, hata mlango wake aliupita kiubavu), nikamlaza kwenye kipoyi, nikashika mti wa mbele, nikawaamuru wengine washike nyuma, tukauzunguka uwanja mbio, mimi ndiye ninayeimba. Daktari alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Akasema mbele ya wote kwamba niko mzima, ila kichwa hajakipima. Delege akanipa mkono, nimo ndani ya mutuelle, akapanda baiskeli yake akaenda kumpa Masika habari njema.

Mimi kwa furaha nikabaki kunywa kasiksi kidogo, pombe yetu ya ndizi, nikawaambia akina Kambale watangulie. Na hapo ndipo akili ilinitoka, mimi mwana wa pale pale. Kipoyi kikitoka kwa munganga kitupu, na mgonjwa haonekani, kila mtu wa Kimemi anajua maana yake. Hakuna anayeuliza, wanaanza kulia.

Nilipofika, moto ulikuwa umewashwa uani, wanawake wameketi chini, na Masika katikati yao analia kweli, pumzi inakatika kwa ile goita. Kucheka kote kuliniisha. Nikamwita kwa jina. Akainuka, akanivua kiatu kimoja mguuni akanipiga nacho mgongoni, akilia bado.

Delege alikuwa ameketi na wanaume, kofia mapajani. Tairi lilimpasukia njiani, kipoyi kikamtangulia kufika, naye alipokuta kilio akaamini nimekufa kweli.

"Papa, nilisha kukufuta kwa kitabu ya mutuelle," akasema. "Na heshima yote."

"Lakini miko hapa."

"Minaona. Lakini mutu wa kufutwa, anarudia kwa munganga."

Kesho yake nilishuka kilima miguu mitupu, viatu mkononi, Masika mbele yangu akimwambia kila tuliyekutana naye kwamba huyu ni mzima. Nyuma yetu, mbali kidogo, akina Kambale walifuata na kipoyi, kwa kuwa, walisema, jana nilionekana kabisa kama mtu wa kufa.

Nilirudishwa kwenye mutuelle, Masika alipasuliwa, siku hizi analala chali na anakoroma kuliko mimi. Mimi nimeapa: jirani akiniuliza ninaenda wapi, ninaenda sokoni, hata kama ninaenda misa.