Kuku wa Safari ya Dunia

Juzi, kwenye ndege, mhudumu aliniuliza kama ningekula kuku au samaki, nami nikapandwa na hasira ya zamani.

Alasiri moja ya utoto wangu, nyumbani Navakholo, watu wazima walikuwa wakisema Uhuru umekuja na sasa tutaenda popote. Kaka yangu Makokha na mimi tukachora dunia kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Tungepita Kisumu, Uganda, London, kisha turudi kupitia Mautuma. Chunguni kuku alikuwa akitokota, na harufu yake ilinijaza mate mdomoni.

"Mimi nitabeba ingokho," Makokha alisema, akionyesha chungu cha kuku. "Wewe beba obusuma."

"Na huo ugali nitaula na nini?"

"Mboga. Wasichana hawakulangi kuku."

Nikamuuliza mama kama na huko London tunakatazwa. Mama alikuwa akimpakulia baba firigisi, ambayo kwetu ni ya baba wa nyumba pekee.

"Kwani ukifika huko utaacha kuwa msichana?"

Basi niliamini ni amri ya dunia nzima. Nikalowesha kitambaa, nikaifuta dunia yote ukutani, London na Kisumu pamoja.

Mhudumu alikuwa bado anangoja.

"Kuku," nilimwambia. "Na kama kuna firigisi, niletee."