Paja la Fiston

Huko Djugu, kwao Immaculée, kabla vita haijawafukuza, nyama ilikuwa na wenyewe. Baba alikula kwanza, wakafuata kaka zake, na mama yake alibaki amesimama jikoni akipangusa sufuria kwa tonge la bugali, akisema ameshiba. Immaculée alilelewa hivyo, akaolewa hivyo, akafiwa na mume, akakimbilia mtaa wa Shari, hapa Bunia, hivyo hivyo. Vita ilimnyang'anya shamba na ng'ombe. Ujinga huu ikamwachia.

Mwaka huu binti yake Viviane alirudi nyumbani na mimba kubwa, viganja vyake vyeupe kama unga wa muhogo. Muuguzi hakuzunguka: damu imepungua mno, asipokula nyama na mayai huenda asitoke salama uzazini.

Immaculée akanunua kuku, akampika kwa mawese, akampakulia Viviane paja. Alipotoka kuchota maji na kurudi, alilikuta paja limefunikwa kwenye sahani ya Fiston, mwanawe wa kiume, anayebeba abiria kwa pikipiki. Fiston mwenyewe alikuwa amepeleka abiria mji wa Komanda, na bila shaka huko alikuwa akitafuna nyama ya kuchoma kwa raha zake. Viviane alikuwa amesimama jikoni, anachovya bugali kwenye mchuzi.

“Viviane! Ile nyama niliwekea nani?”

“Mama, miye nilishashiba.”

Immaculée alihisi kama amezabwa kofi. Maneno yalikuwa yake, hata sauti ilikuwa yake. Hakuwahi kumkataza mtoto huyu nyama, wala kumchapa kwa ajili yake. Alimwonyesha tu, kila jioni, miaka nenda miaka rudi, na majirani wakamsifu kwamba ana moyo. Moyo gani huo?

“Munganga alisema damu yako haiko. Ikala hapa chini, ukule!”

“Kula weye kwanza, mama, nikuone.”

Immaculée akaketi, akaling'ata paja. Mwanamke mzima, nywele zimeshaota mvi, hakuwa amewahi kulionja. Lilikuwa tamu, tamu kupita kiasi, na machozi yakamtoka kwa uchungu wa yote aliyojinyima bila kuombwa na mtu. Akamsogezea binti yake sahani.

Viviane akamega kipande kidogo, akakitafuna huku anaangalia mlangoni kama mwizi. Kisha akakitema kiganjani.

“Mama, sasa Fiston akikuja, atakula nini?”