Siku Mogesi Alipopima Landrova ya Waitara

Mogesi ananoa misumeno pale Nkende, mjini Tarime, lakini ana kazi nyingine isiyo na kibao. Anakagua masanduku ya modeli, yaani magari na ndege ndogo za plastiki zinazokuja vipande vipande, ukaziunganisha mwenyewe kwa gundi. Mwaka 1996, wakati vijana wengi wa Tarime walipokuwa machimboni Nyamongo wakifukua dhahabu, sisi tulikuwa watu watano mjini tulioshikwa na ugonjwa wa modeli. Tulikutana kila Jumapili kwa Faridu, fundi redio. Sadick, muuza vipuri, alituletea masanduku kutoka Nairobi, na hakuna aliyechukua sanduku kabla Mogesi hajasema neno.

Shule aliishia darasa la saba. Modeli alizijulia Natta, alipokuwa akiosha vyombo kwenye kambi ya watalii. Mgeni mmoja aliacha ndege aliyoiunganisha nusu, na Mogesi akaimalizia kwa kufuata michoro tu, maana maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua. Bawa moja alilibandika juu chini. Ndege hiyo bado inaning'inia juu ya benchi yake, na ukimuuliza anakuambia ndiyo mwalimu wake.

Ukaguzi wake haukuwa wa haraka. Alishika kila kipande kwenye mwanga, akatafuta plastiki iliyomwagika pembezoni, akakutanisha pande mbili bila gundi na kupitisha ukucha kwenye mwanya. Hata vifaa vya ziada vinavyouzwa kwenye pakiti ndogo alivipima kimoja kimoja.

"Dumu hili zuri, lina mpaka mshono," alisema Jumapili moja. "Ngazi hii ni ya panya. Hakuna mtu mwenye mguu wa kuipanda."

Siku hiyo Sadick alikuwa ameleta Landrova, aina ileile ya mzee Waitara, aliyebeba watu na mawe ya dhahabu kati ya Tarime na Nyamongo. Tulisogea wote. Mogesi alisimamisha fremu, magurudumu na bodi bila gundi, akainama hadi jicho likawa sawa na meza.

"Imekosewa," akasema. "Nyuma imesimama juu mno."

"Waliotengeneza wana michoro ya kiwandani," Sadick akajibu. "Wewe una nini?"

"Nina macho. Landrova ya Waitara inapita mbele ya benchi yangu mara mbili kwa siku. Na nimeipanda miezi minane nilipojaribu bahati yangu kule shimoni."

Sadick alicheka. Hakupenda sanduku lake lisemwe. "Basi tukaipime kesho. Ukikosea, masanduku anakagua Faridu. Yeye angalau ana miwani."

Mogesi hakucheka. Alichukua uzi, akapima modeli kutoka mezani hadi chini ya mlango wa nyuma, akaurudia urefu huo mara ishirini na nne, kwa kuwa sanduku liliandikwa kwamba gari halisi ni kubwa mara ishirini na nne. Hapo akafunga fundo.

Asubuhi tulifika kwa Waitara, mtaa wa Turwa, mapema kabisa ili tuikute Landrova tupu. Haikuwa tupu. Watu walikuwa wameshapanda uani kwake, na sululu zao na makarai, mwenyewe hata chai hajamaliza.

"Shikamoo mzee," Mogesi akasema. "Tunaomba washuke kidogo tupime gari."

"Marahaba. Unataka kulinunua, mura?" akauliza, akimwita kijana kwa Kikurya.

"Hapana. Kuna dogo la plastiki, tunataka kujua kama limefanana."

Waitara alitutazama mmoja mmoja, akaweka kikombe chini. Nadhani hakuwahi kuombwa kitu cha ajabu namna ile.

Waliokuwa juu hawakufurahi. "Nikishuka nafasi yangu anachukua Machage," mmoja alisema.

"Nishachukua," akajibu Machage, mchimbaji mnene aliyekalia ukingo wa nyuma.

"Shukeni wote," Waitara akasema. "Mimi mwenyewe sijawahi kuiona tupu."

Walishuka wakinung'unika, kumi na tisa. Na gari likainuka, nyuma kwanza, kama ng'ombe anavyoinuka. Springi zililia. Mogesi alipiga magoti vumbini, akavuta uzi wake kutoka ardhini kwenda juu. Fundo lilifika chini ya mlango sawasawa, hata unene wa ukucha haukuzidi.

Sanduku lilikuwa sahihi.

"Faridu," Sadick akasema, "futa miwani."

Mogesi alibaki amepiga magoti. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Nimekosea. Sanduku ni zuri, lichukueni." Lakini hakuinuka. "Pandeni sasa," akawaambia.

Hawakusubiri kuambiwa mara ya pili. Gari lilishuka hatua kwa hatua, na Machage alipokaa mwisho, likashuka tena. Mogesi akapima upya. Fundo lilikuwa limeupita ukingo wa chini wa mlango kwa upana wa kiganja. Akafunga fundo la pili, akaanza kutabasamu.

Mwishowe sanduku alilichukua yeye mwenyewe, na wiki nzima hakunoa msumeno hata mmoja. Alipasha springi za plastiki kwenye mshumaa na kuzilaza. Ngazi aliitupa, madumu akayafunga kwa uzi. Magunia alishona kwa kitambaa, akayajaza unga wa mawe ya machimboni kwelikweli, kwa sababu vumbi la bandia lililokuja kwenye pakiti lilikuwa jekundu na la Nyamongo ni la kijivu.

Jumapili aliiweka Landrova yake kwenye kaunta ya Faridu. Sadick aliizunguka. Wakati huo Machage aliingia na redio mbovu kwapani. Aliiona, akaiweka redio sakafuni. Katika modeli ile hapakuwa na mtu hata mmoja, lakini alisogeza kidole chake kinene taratibu hadi kwenye ukingo wa nyuma, upande wa kushoto.

"Hapa ndipo ninapokaa," akasema.

Faridu alivua miwani yake. Sadick akainama, akavuta sanduku jipya kutoka chini ya kaunta, akalisukuma mbele ya Mogesi.

"Hili ni trekta," alisema. "Liangalie vizuri."